Uzamili wa uhandisi wa maji huku natafuta kazi: nilivyopanga mambo

Muhula wa kwanza umejaa vipindi na kazi za maabara, kwa hiyo niliutumia kuweka makaratasi sawa tu. Kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kama mhandisi mhitimu kunahitaji shahada ya kwanza, si ya pili. Usingoje umalize uzamili. Mbele yako bado kuna miaka 3 ya kazi chini ya uangalizi kabla hujawa mhandisi mtaalamu, na miaka hiyo haianzi kuhesabika ukiwa umekaa.

Kwenye Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi za serikali, jaza taarifa zako mapema, si siku ya mwisho ya tangazo. Barua ielekezwe kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira, isainiwe kwa mkono, kisha iskaniwe. Wengi huandika barua nzuri wakasahau saini. Matokeo ya muda hayapokelewi badala ya cheti. Majina yakipishana kati ya cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na kitambulisho cha NIDA, anza kuyarekebisha leo. Utaratibu huo una foleni zake.

Kwenye wasifu niliandika uzamili kama ulivyo: “unaendelea, hatua ya tasnifu”, na mwezi wa kumaliza. Mwajiri haogopi shule, anaogopa utamkimbia katikati ya mradi. Mwambie mwenyewe ni jioni zipi una vipindi.

Lakini kazi kubwa ya kutafuta ajira niliifanyia kwenye tasnifu. Mada ya kompyuta tupu ni rahisi kuimaliza, ila haikukutanishi na mtu. Nilichagua upotevu wa maji katika eneo moja la usambazaji, kwa kibali cha mamlaka ya maji. Programu ya kuiga mtandao wa mabomba kwenye kompyuta ni EPANET, haina malipo. Unahitaji ramani ya mabomba, vipenyo, mwinuko wa kila kiungo, mita ya mtiririko kwenye bomba la kuingilia na vipima presha.

Vitabu vinasema pima mtiririko kati ya saa nane na saa kumi usiku, watu wamelala, basi kinachopita kwa sehemu kubwa ni uvujaji. Kwetu kuna mtego. Maji yakitoka kwa mgawo, usiku ndiyo simtanki zinajaa, na hazifungi mpaka boya lipande. Ukichukua takwimu hiyo ilivyo, utalaumu mabomba kwa maji yaliyomo kwenye matangi ya watu. Subiri siku ya pili au ya tatu ya maji kutoka mfululizo, mtiririko wa usiku ukishatulia, ndipo upime. Mafundi wa zamu wanalijua hili kuliko makala nyingi, na ndio watakaokuambia nafasi ya mkataba ikitokea. Kwenye usaili, jambo moja la namna hii ukilieleza kwa namba linatosha.

Mtihani wa mchujo, kinyume chake, haujali tasnifu yako. Rudia mambo ya shahada ya kwanza: mlinganyo wa Hazen-Williams wa kukadiria presha inayopotea kwenye bomba, na thamani za C, yaani ulaini wa ndani wa bomba (PVC karibu 150, chuma cha zamani 100 au chini), jaribio la slampu la kupima wepesi au uzito wa zege mbichi, taratibu za mikataba na manunuzi.

Ukiitwa, beba vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, kwa hiyo tenga fungu hilo kando ya ada, na mweleze msimamizi wa tasnifu mapema ili tarehe ya kuwasilisha isigongane na usaili.