Kiroba cha tangawizi kutoka Same hadi Ziwa Tanganyika

Mama yangu hakuniuliza swali lile mchana. Alisubiri watoto walale, akasogeza kigoda karibu na mafiga, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, watoto wa watu unawakorogea uji kila asubuhi. Hawa wako wanaangaliwa na nani?"

Tulikuwa tumekaa wiki tatu Same, milimani kwetu Upareni, baada ya miaka miwili bila kufika nyumbani. Kanisa letu lilitutuma mimi na mume wangu kwenye kijiji cha wavuvi kaskazini mwa Kigoma, na huu ni mwaka wetu wa sita. Kazi yetu ni ndogo kuitaja: uji asubuhi kabla ya shule, kusoma na kuandika jioni kwa waliochelewa kuanza shule, ibada ya watoto Jumapili. Watoto wengi wanaokuja wanaishi na bibi zao. Baba yuko ziwani usiku, mama yuko mnadani au kwenye chanja za dagaa, na wengine baba na mama wote hawapo.

Sikumjibu mama. Jibu lilikuwepo, lakini lilinikaba kooni.

Asubuhi ya kuondoka nikamkuta anaanua nguo. Ameshika kaptula ya mwanangu wa kati, anaipapasa kwenye paja, palipopigwa kiraka kwa uzi wa kijani. "Nani kashona hivi?" Nikamwambia ni jirani. Akaikunja polepole, akaiweka juu kabisa ya begi. Kisha akatufungia kiroba cha tangawizi ya Mamba Miamba, udongo bado umeshika kwenye mizizi. "Utie kwenye uji wao," akasema. "Watoto wa ziwani kifua lazima kinawasumbua, na ule upepo."

Mpaka Dar es Salaam tulikwenda kwa basi, tukalala kwa mdogo wangu. Kesho yake tukapanda treni ya umeme, ile ya SGR iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Watoto wangu hawakuwa wameipanda. Kitindamimba alibandika pua kioo kizima, na kila nguzo ikipita anasema "ingine, ingine," hadi akalala. Saa tatu na kitu tukawa Dodoma. Tukachukua bajaji mbili hadi stesheni ya zamani mjini, tukanunua zabibu, tukaingia treni ya Kigoma. Mimi na mabinti chumba kimoja cha akina mama, baba yao na kijana chumba cha pili. Kiroba tukakisukuma chini ya kitanda. Kufika Manyoni chumba chote kinanukia tangawizi, na mama mmoja aliyekuwa na kichanga akaomba kipande cha kuchemshia chai. Nikamkatia vinne.

Njia ile ikiwa giza, baada ya Itigi, huwa namfikiria mwanamke mmoja. Aliitwa Annie Hore, mke wa Kapteni Edward Hore, mmisionari wa London Missionary Society. Mwaka 1885 alifika Ujiji kutoka pwani, safari ya karibu miezi mitatu, na mwanawe mdogo Jack. Alikuja amekaa kwenye kiti, kiti kiko mabegani mwa wapagazi. Reli hii haikufika Kigoma hadi 1914, kwa hiyo kila mto na kila pori ninalolipita nikiwa nimelala, yule mama alilipita juu ya mabega ya watu. Annie anakumbukwa kwa jina. Wale waliombeba yeye na mwanawe, wakala vumbi na kukanyaga miiba, hawakumbukwi hivyo. Mimi ni mama na ni mmisionari, lakini nikiisikia habari hii moyo wangu unawaendea wapagazi. Nami nimebebwa.

Ilikuwa mwaka jana, mwezi wa tisa. Mume wangu alikuwa Kasulu kwenye semina. Kitindamimba alikuwa ameshinda na homa, na usiku kama saa nne akapata degedege. Macho yakageuka, mwili ukakakamaa mikononi mwangu. Nilipiga kelele jina la Yesu, na aliyeingia mlangoni alikuwa jirani yangu, mama wa makamo anayekausha dagaa, ambaye watoto wangu wanamwita Mama Mkubwa. Hakuuliza kitu. Alimvua mtoto nguo, akamfuta kwa maji ya uvuguvugu, akamgeuza ubavu. Mtoto alipotulia, Mama Mkubwa akachukua tochi, akatoka mbio kwenda ufukweni.

Usiku ule ulikuwa wa giza. Kwa mvuvi wa dagaa usiku wa giza ndio usiku wa kazi: mwezi ukiwa angani dagaa hawafuati taa, na watu hupumzika. Kwa hiyo boti zote zilikuwa ndani, taa zimetandaa ziwani kama mji. Mama Mkubwa alisimama majini hadi magotini, anapunga tochi na kuita kwa Kiha. Sijui aliita muda gani. Hatimaye taa moja ikajitenga na zenzake, ikaja. Nahodha alikuwa baba wa watoto wawili wanaokunywa uji kwetu. Nyavu zake alimwachia mwenzake, na usiku wake wa mapato akauacha hukohuko majini. Akaniambia neno moja tu, "Panda, Mama Mchungaji."

Tulitia nanga Kibirizi, bandari ndogo ya boti pale Kigoma, alfajiri. Sindano, dripu, siku nne za wodini. Mungu akamrudisha.

Ninaporudi na mtoto mgongoni, nawakuta hawa wawili wakubwa wako kwa Mama Mkubwa, wamelala mkeka mmoja na wajukuu zake. Binti amesukwa nywele. Kijana alikuwa amechana kaptula kwenye mwamba, na Mama Mkubwa, kwa kuwa hakuwa na uzi mwingine, ameishona kwa uzi wa nyavu, ule wa kijani, mshono mmoja mmoja, karibu karibu, kama anavyoziba tundu la wavu ili dagaa wasipenye. Nilimpelekea nahodha hela ya mafuta. Aliirudisha kwenye kiganja changu, akakifunga. "Petroli ya mtoto hailipwi."

Hayo ndiyo niliyoshindwa kumwambia mama pale mafigani. Ningeanza ningelia, naye angelia, na watoto wangeamka.

Tabora tulisimama sana, mabehewa ya Mwanza yakakatwa, sisi tukaendelea magharibi. Urambo, Kaliua, Nguruka. Mto Malagarasi tuliuvuka mchana, watoto wote madirishani, na Uvinza nikanunua chumvi kama kawaida yangu, maana chumvi ya pale ni ya kale na akina mama wa kijijini wanaipenda. Jioni tukawa Kigoma.

Asubuhi yake Kibirizi. Boti ya mbao imepakia magodoro, kreti za soda, mabati, kuku wa mtu, na sisi watano na kiroba chetu. Upande wa kulia milima inashuka moja kwa moja hadi majini, michikichi imeshikilia mabondeni. Kushoto, mbali, Kongo. Ziwa hili ni la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal la Urusi, na ukiwa katikati yake na watoto watatu unalisikia hilo miguuni.

Mama mmoja kwenye boti aliniuliza kama wanangu tutawarudisha kwetu wakasome shule nzuri. Swali lilelile la mama, kwa mlango mwingine. Nikamweleza mwaka 2024, serikali ilipopumzisha ziwa, uvuvi ukafungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Mimi naona ziwa lilistahili kupumzishwa, dagaa walikuwa wamepungua na kila mvuvi mzee anakiri hivyo. Lakini miezi mitatu ni mirefu sana kwa tumbo la mtoto. Vikombe vyetu vya uji viliongezeka kila wiki, unga ukaanza kuniponyoka. Ndipo wale wale akina mama, ambao majumbani mwao hakukuwa na kitu, wakaanza kuleta. Huyu mzigo wa kuni kutoka mlimani, huyu muhogo mkavu, yule chupa ya mawese. Binti yangu mkubwa alikuwa ndiye mpokeaji, anaandika kwenye daftari nani kaleta nini. Siku moja akaniuliza, "Mama, hawa si ndio tunaowasaidia?" Nikamwambia aandike tu, asisahau hata mmoja. Lile daftari liko begani kwangu hata sasa. Sijui kama kuna shule ningelipa ada ya somo lile.

Tulipokata kona ya mwisho watoto walikuwa wameshatuona. Walishuka mawe kwa mbio, wengine wakajitosa majini na nguo. "Mwakeye! Mwakeye!" Mabegi yakaondoka vichwani kabla mume wangu hajafunga kamba. Kiroba kilibebwa na wavulana wawili, wananusa na kubishana ni dawa au ni chakula.

Mama Mkubwa alikuja hadi ubavuni mwa boti. Kitindamimba alikuwa mapajani mwangu. Mtoto akanyoosha mikono, akapita juu ya mapaja yangu, akahamia mgongoni kwa yule mama, akaanza kumsimulia kwa Kiha habari za nguzo za treni. Hakugeuka nyuma kunitazama. Nilibaki nimekaa pale kwenye ubao wa boti, mikono mitupu, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Jioni nikampigia mama kumwambia tumefika salama. Akauliza tangawizi. Nikamwambia imefika na iko kwa jirani, tunaitwanga kesho. Akanyamaza kidogo. "Mpe simu huyo jirani."

Nikampa. Mama Mkubwa akajifuta mkono kwenye kitenge, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, dada."

Mama yangu huwa anaongea kwa nguvu simuni, anadhani Kigoma ni mbali mno. Nilimsikia vizuri. "Marahaba, mdogo wangu. Wewe ndiye uliyeshona ile kaptula?"

Mama Mkubwa akaondoka na simu sikioni, mtoto wangu mgongoni, wakatelemka pamoja kuelekea kwenye chanja.