Kabla hujanunua seti ya duveti, shika kitambaa kwanza

Nikiulizwa ninunue duveti gani, na naulizwa sana hasa na watu wanaojiandaa kuoa au kuhamia nyumba mpya, mi nauliza kwanza kava lake la kitambaa gani. Duveti lenyewe huligusi, limo ndani huko, ngozi yako usiku kucha inagusana na kava na shuka na foronya, na hapo ndo watu wengi wanapobana hela. Mtu anatoa pesa ndefu kwa duveti limevimba vizuri afu analivisha kava la polista linang'aa kama gauni la sendoff, sasa ngoja Januari ya Dar ifike, umeme ukatike feni isimame, saa nane za usiku umeshaamka shuka limekuganda mgongoni.

Sababu ni moja tu. Pamba inanyonya jasho na kuliachia taratibu kwenye hewa. Polista ni plastiki, jamii ileile ya plastiki ya chupa za maji, imevutwa ikawa uzi, haina pa kuliweka jasho lako kwahiyo linabaki kwako. Na mikrofaiba mnayoisifia ulaini wake dukani karibu zote ni hiyohiyo polista, tofauti nyuzi zake ni nyembamba mno ndo maana ukipitisha mkono unaona laini. Sisemi ni mbaya kila mahali, ukiwa Njombe au Makete mwezi wa saba unaitaka kabisa, haikunjamani, inakauka haraka, inashika joto. Ila kwa Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, kama hulali na AC, kitu cha kugusa mwili kiwe pamba, na kwa kweli miezi ya joto mi nawaambia watoe duveti wajifunike kava tupu, linatosha kabisa na linafulika kirahisi.

Tatizo linakuja sokoni. Nenda Kariakoo Mtaa wa Kongo uone, pakiti zimepangwa mpaka juu, kila moja ina picha ya chumba cha hoteli na imeandikwa kotoni, yaani pamba, na muuzaji anakuambia "dada hii kotoni mia kwa mia, ukifua haichuji". Mara nyingi wala hakudanganyi kwa makusudi, anasoma kilichoandikwa kwenye pakiti kama unavyosoma wewe. Kwahiyo usisome pakiti, soma kitambaa. Omba afungue, kama hataki kufungua nenda duka linalofuata. Kikunje kwenye ngumi ubane sana kisha uachie, pamba itabaki na mikunjo, polista itarudi kama hakuna kilichotokea. Kinyanyue kwenye mwanga, ukiona muuzaji wa upande wa pili vizuri ujue kimefumwa kwa kuachana na hakitamaliza mwaka.

Kipimo chenyewe hasa ni moto. Kwenye pindo la ndani la kava hapakosi nyuzi zinaning'inia, chomoa mbili tatu uende nazo nyumbani, zishike kwa kibanio juu ya sinki, washa kiberiti. Uzi wa pamba unashika moto palepale, unaungua wenyewe kama karatasi na harufu ni ya karatasi iliyoungua, ukizimika unabaki na majivu ya kijivu ambayo ukiyagusa yanapotea kwenye vidole. Polista inauogopa moto kwanza, inajikunja kurudi nyuma, afu inayeyuka na kudondosha, moshi mweusi, na mwisho inaacha kidonge kigumu cheusi ambacho hata ukikibana na kucha hakipasuki (subiri kipoe, kinaunguza vibaya). Ukiona inaungua kama karatasi lakini kuna vidonge vidogovidogo ndani ya majivu, hiyo ni mchanganyiko, na mchanganyiko sio dhambi, mashuka mengi meupe ya hoteli ni pamba na polista nusu kwa nusu kwasababu yanavumilia kufuliwa kila siku. Muhimu ujue unacholipia.

Haya, ile namba kubwa kwenye pakiti, 600, 1000, 1800. Namba hiyo inatakiwa iwe hesabu ya nyuzi za mtande (za wima) na za mshindio (za mlalo) kwenye inchi moja ya mraba. Pamba nzuri ya kawaida inacheza kati ya 200 na 400 na hapo unalala raha mustarehe. Zaidi ya hapo mara nyingi wamechukua uzi mmoja uliosokotwa kwa nyuzi mbili tatu wakahesabu kila moja peke yake, kitambaa kinakuwa kizito na hewa haipiti. Na kwenye mikrofaiba namba hiyo haina maana kabisa, 1800 ya mikrofaiba ni jina la biashara tu.

Maneno "pamba ya Misri" nayo yasikupandishie bei kichwakichwa. Mwaka 2016 maduka makubwa ya Target ya Marekani yalivunja uhusiano na kampuni ya Welspun ya India baada ya kugundua mashuka na foronya karibu 750,000 yaliyouzwa kama pamba ya Misri yalikuwa ya pamba nyingine, na yalikuwa yanauzwa hivyo tangu 2014. Kama wale wenye mafundi wa maabara walipitishiwa karibu miaka miwili, sisi na pakiti ya Kariakoo tuwe makini zaidi. Inaniuma hii kitu kwasababu pamba sisi tunalima wenyewe, Simiyu, Shinyanga, Mwanza huko, tunaiuza nje sehemu kubwa ikiwa robota, afu tunarudi kununua shuka ambalo hatujui hata limetengenezwa na nini.

Ufumaji nao unabadilisha usingizi. Kuna ule wa uzi mmoja juu mmoja chini, kitambaa kinakuwa kikavu kidogo, kinapoa haraka, kinakunjamana, huo ndo wa pwani. Kuna ule ambao uzi unapita juu ya nyuzi tatu nne ndo unazama chini ya mmoja, unang'aa na kuteleza, unapendeza kweli ila unashika joto zaidi na hizo nyuzi ndefu za juu zinanaswa na pete na kucha.

Size sasa. Sisi vitanda tunapima kwa futi, 4x6, 5x6, 6x6, halafu pakiti inakuja na sentimita. Futi moja ni kama sentimita 30 na nusu, kwahiyo 200 kwa 230 ni futi sita na nusu kwa saba na nusu, inakaa vizuri kwenye 5x6, na kwa 6x6 tafuta 220 kwa 240. Kwenye shuka la chini usisahau unene wa godoro. Godoro la 5x6 lenye unene wa inchi 10 lina upana wa inchi 60 juu, ongeza 10 kila upande tayari ni 80, na shuka la futi sita lina 72 tu, ndo maana kila asubuhi limejikusanya katikati. Chukua la futi nane upate inchi nane za kuchomeka kila upande. Kava likiwa halina kamba za ndani kwenye kona mpelekee fundi cherehani ashone kamba nne, na kwenye duveti vitanzi vinne, duveti halitakusanyika tena miguuni.

Kufua sasa, hapa ndo vitu vizuri vinapoharibikia. Seti mpya ifue kabla ya kuilalia, peke yake, maji ya baridi, rudia mpaka maji yatoke meupe. Watu wanaloweka na chumvi wakiamini inashika rangi, haishiki, rangi inashikishwa kiwandani na kama haikushika huko chumvi ya jikoni haitaweza, usifue tu na vyeupe. Jiki kwenye kava la rangi hapana, na hata kwenye pamba nyeupe usiizoeshe maana inakula nyuzi taratibu mpaka siku unavuta shuka linachanika. Na jamani Jiki na siki visikutane kwenye beseni moja, vinatoa hewa ya klorini, inaumiza mapafu.

Kama nyumbani kwenu mnatumia maji ya kisima ya chumvi, na Dar tuko wengi, sabuni haitoi povu na mabaki yake yanaganda kwenye kitambaa, shuka linakuwa gumu na jeupe linageuka kijivu. Punguza sabuni, na kwenye suuza ya mwisho ya maji safi weka siki nyeupe nusu kikombe kwa beseni kubwa, tofauti utaiona mwenyewe. Foronya zenye madoa ya njano yale ni mafuta ya nywele na ya mwili, paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo pale penye doa, sugua, acha nusu saa ndo ufue kawaida. Anika kava likiwa limegeuzwa ndani nje, jua letu la mchana linakula rangi haraka mno. Duveti lenyewe halihitaji kufuliwa mara kwa mara, ila ukilifua hakikisha limekauka mpaka katikati, bonyeza kwa mkono, likibaki na unyevu kidogo ukaliingiza kwenye mfuko wa nailoni utalikuta na ukungu na hiyo harufu haitoki. Hifadhi kwenye foronya kubwa ya pamba.

Kama bajeti ni ndogo usikate tamaa, nenda soko la mitumba la Karume, Dar, asubuhi. Shuka zito la pamba la mtumba nalichukua mbele ya jipya la polista bila kufikiria mara mbili. Angalia lebo, ikiandikwa Baumwolle, katoen au coton zote ni pamba. Kagua mishono na kona kwa ajili ya kunguni, ukifika nalo lisiingie chumbani, liloweke kwanza kwenye maji ya moto sana, afu lianike kutwa.

Na shuka la pamba likianza kuwa jepesi katikati usilifanye tambara bado. Likate katikati kwa urefu, zile kingo mbili za nje ambazo hazijachoka ziunganishwe ziwe ndo katikati mpya, upinde pembeni. Ukiwa na cherehani unafanya mwenyewe, mshono uwe bapa usikuume mgongo.