Siku yetu ilikuwa inaishia saa 5:52 usiku

Kwa zaidi ya mwezi tuliwashuku madereva wetu bure. Ripoti ilionyesha kwamba kila gari lilikuwa linazimwa kifaa cha kufuatilia safari, jumla karibu saa 3 na dakika 45 kwa mwezi, magari yote sawasawa. Meneja akashikilia kwamba wameambizana. Barua za onyo zikaandikwa. Mimi ndiye niliyekuwa nasimamia data, na niliiamini ile ripoti.

Magari yalikuwa 122. Kila kifaa hutuma mahali gari lilipo na mwendo wake kila baada ya sekunde 10, usiku na mchana, kwa hiyo gari moja linatoa mistari 8,640 kwa siku. Mshauri tuliyemwita alituambia tununue seva nyingi na kuziunganisha kwa Hadoop, programu ya kugawa data na kazi kwa mashine nyingi, kwa gharama iliyokaribia mishahara ya idara nzima kwa mwaka. Ushauri ule unaniudhi mpaka leo. Hadoop, iliyoanza mwaka 2006, ilitengenezwa kwa data ya kugawanywa kwenye mamia na maelfu ya mashine. Mstari wetu una herufi 80 hivi. Siku nzima ni megabaiti 84, mwaka mzima gigabaiti 31. Hizo zinaenea kwenye kompyuta mpakato na nafasi inabaki. Kabla hujasaini chochote, piga hesabu hiyo mwenyewe.

Kumpata mtu wa kuchambua data ndiko kulikonitesa. Tangu jarida la Harvard Business Review liiite kazi ya mwanasayansi wa data kuwa yenye mvuto kuliko zote za karne ya 21, hiyo ilikuwa 2012, kila mtu kajipa cheo hicho. Na tangazo letu la kwanza lilikuwa baya: tulidai shahada ya uzamivu, mitandao ya neva (mifumo ya kompyuta inayojifunza kwa mifano), na kila programu tuliyowahi kuisikia. Tukampata kijana mwenye akili nyingi kweli. Miezi minne akawa anasafisha majedwali badala ya kujenga mifumo aliyosomea, akaaga. Simlaumu hata kidogo.

Mara ya pili nikaacha maswali ya vitabuni. Nilichukua faili letu la siku moja, lile lile ambalo karani alilifungua kwenye Excel na kulihifadhi kila asubuhi kabla ya kutengeneza ripoti, nikawapa wasailiwa saa mbili nalo. Mitego niliijua miwili. Vifaa vitatu vilikuwa na saa isiyolingana na vingine. Na gari moja lilionekana limeegeshwa baharini, kwenye Ghuba ya Guinea, kwa sababu kifaa kikikosa setilaiti huandika sifuri kwa latitudo na sifuri kwa longitudo, na hapo ndipo sifuri mbili zinapokutana.

Wengi walinichorea grafu za rangi za kupendeza. Wawili walitabiri ucheleweshaji huku gari likiwa bado liko baharini.

Dada mmoja, aliyewahi kuwa karani wa hesabu, hakuchora kitu. Aliteremka mpaka chini kabisa ya jedwali, akanyamaza, kisha akaandika namba mbili kwenye karatasi.

"Samahani, kaka. Magari 122 yanapaswa kutoa mistari 1,054,080. Hapa iko 1,048,575. Na siku yenu inaishia saa 5 na dakika 52 usiku. Baada ya hapo magari yanakwenda wapi?"

Nilihisi mwili umekufa ganzi. Jedwali la Excel lina mistari 1,048,576, basi. Ondoa mstari mmoja wenye vichwa vya safu. Tulipokuwa na magari 120 tulienea humo. Tulipoongeza mawili, dakika 7 na nusu za mwisho za kila siku zikakatwa. Programu ilitoa tahadhari kwamba faili halikupakiwa lote, karani akabonyeza sawa, akahifadhi. Zidisha dakika hizo kwa siku 30, unapata saa 3 na dakika 45 za madereva.

Tulimwajiri. Wiki ya kwanza alikata njia ya Excel kabisa: data inatoka kwenye seva inaingia moja kwa moja kwenye mafaili ya Parquet, yanayohifadhi kila safu peke yake, hivyo ukiuliza mwendo tu husomi mengine. Juu yake akaweka DuckDB, programu ya kuchambua data ambayo ni ya bure, na maswali anaandika kwa SQL ya kawaida, lugha ya kuulizia data. Kila usiku mistari inahesabiwa inakotoka na inakofika, na zisipolingana ripoti haitoki. Mkimtafuta mtu, mpeni data yenu chafu ya kweli, kisha sikilizeni anauliza nini kabla hajagusa kitu.

Barua za onyo nilizitoa mwenyewe kwenye majalada, na nikamfuata kila dereva aliyeandikiwa nikamwomba radhi uso kwa uso. Mmoja alikuwa ameendesha kwetu miaka 19. Aliniomba nimwonyeshe hizo dakika 7 na nusu kwenye skrini. Nikamfungulia data kamili ya usiku mmoja. Gari lake lilikuwa barabarani, mwendo wa 62, hadi saa sita kamili.