Siku niliyoitwa Yuma pale Retiro

Ilikuwa Jumamosi, Juni 2023, niko Madrid nasoma masters na hela ya mwezi imebaki ya kuhesabu. Jamaa niliyekuwa napanga naye Lavapiés, Mcuba wa Havana, akaniambia we unalala tu, maonyesho ya vitabu yameanza kule bustani ya Retiro na kuingia ni bure. Niliposikia bure nikavaa viatu.

Nikapandisha Cuesta de Moyano, ile njia ya vibanda vya mbao ambako wanauza vitabu vya mitumba toka 1925, nikajua ndo maonyesho yenyewe haya, kumbe wapi. Ukiingia bustanini ndo unaona shughuli, vibanda zaidi ya 300 vimejipanga huku na huku, watoto, mbwa, vibibi na feni zao za mkono, na maspika hayapumziki, kibanda namba fulani anasaini fulani. Mwandishi mwenyewe anakaa ndani ya kibanda anachungulia kwenye kidirisha kama mkata tiketi, we unanunua kitabu chake anakusainia.

Sasa mtu niliyekulia foleni za maji, nikiona foleni ndefu nauliza baadaye, kwanza napanga mstari. Nikapanga. Nikawaza huyu lazima ni mtu mzito, labda ndo hao wa Nobel. Lisaa limepita, jua linachoma, ndo nikaanza kushtuka mbona wote mbele yangu ni mabinti wa shule wana simu mkononi. Mmoja akanigeukia akaniuliza na wewe unazifuatilia video zake? Aisee. Kumbe ni kijana wa YouTube. Nikajifanya napokea simu nikatoka kwenye mstari taratibu.

Kibanda cha jirani kulikuwa na mzee yuko peke yake, kalamu mkononi, hana mteja hata wa kumuuliza choo kiko wapi. Na alikuwa ameniona muda wote, maana nilipotoka alicheka. Nikaona aibu kupita tu, nikachukua kitabu chake, mashairi, chembamba, euro 18. Nikamwambia dada muuzaji haya bei ya mwisho shilingapi, kwa Kispanyola changu cha kuokoteza. Wakacheka wote wawili. Dada akanielewesha kwamba kule bei ya kitabu imefungwa kisheria, duka haliruhusiwi kupunguza zaidi ya asilimia 5, kwenye maonyesho ndo wanaruhusiwa mpaka 10, kwa hiyo hata uwe na mdomo wa Kariakoo utalipa 16.20. Nikalipa 16.20, roho inauma.

Mzee akavuta stori. Alikuja hapo na baba yake 1967, mwaka maonyesho yalipohamia Retiro. Mi namuita señor kila sentensi, maana shikamoo ilikuwa imenikwama kooni na Kispanyola hakina pa kuitolea, yeye anasema acha hizo. Akaniuliza libro kwenu mnaitaje. Kitabu. Akasema aa, Kiarabu hicho. Nikamwambia na azúcar yenu mmeitoa huko huko, sisi sukari. Nikagonga kile kiubao anachosainia nikasema meza, akasema mesa, nikamwambia hiyo tuliachiwa na Wareno. Halafu ndo nikakumbuka hasta, yaani mpaka kwa Kispanyola. Nikamwambia marehemu bibi yangu Pangani alikuwa akisema "hata kesho" maana yake mpaka kesho, ni hatta ile ile ya Waarabu mliyoichukua nyie. Mzee akavua miwani. Akairudia rudia chini chini, hata, hasta, hata, akageuza risiti ya kahawa akaiandika nyuma, kalamu haitoi wino, akaijaribu mgongoni mwa kiganja mpaka ikaacha mstari wa bluu kwenye mishipa.

Akaniuliza jina. Juma. Hapo ndo kazi, maana ukimtajia Mspanyola jota, yaani ile herufi J, anakusoma Huma, mwaka mzima chuoni nilikuwa Huma. Yeye alitaka litamkwe lilivyo, akafikiria, akaandika pole pole, *Para Yuma, hata luego*, yaani kwa Yuma, tutaonana baadaye, ila pale pa hasta kaweka hata yetu. Saa tisa ikawa imefika, wakaanza kushusha mabati, wanafunga mpaka saa kumi na moja, na ile foleni ya mabinti bado iko pale pale haijatawanyika.

Nyumbani Mcuba akafungua ukurasa wa kwanza, akakaa chini kwa kicheko. Kwao La Yuma ni Marekani, na yuma ni mgeni wa nje, yule anayeshuka uwanja wa ndege na dola zake. Mi mfukoni nina euro 9. Mashairi yenyewe niliyasoma na kamusi mpaka Agosti, mengine mazuri sana, mengine sijui alikuwa anasema nini. Ila toka siku ile mpaka nahama, kodi ikichelewa kidogo tu jamaa anagonga mlango, Yuma, toa dola.