Kadi ya NVIDIA imo ndani ya mashine yako, iamshe

Kazi yangu ni kuchora nyumba ambazo bado hazijajengwa. Mtu ananunua kiwanja hapa Lubumbashi, upande wa Golf au Ruashi, analeta plani ya karatasi, nami namtolea picha za 3D ili yeye na familia yake waione sebule kabla msingi haujachimbwa. Natumia Blender, programu ya kuchora 3D, kwa laptopu ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika, yenye GeForce MX150, kadi ya picha ya NVIDIA, memori yake GB 2. Kadi ndogo, lakini inanilisha. Ndiyo maana inaniuma ninapoona vijana wanauza mashine nzuri kwa bei ya kutupa, wakiamini kwamba waliuziwa laptopu isiyo na kadi.

Juzi alikuja kijana wa jirani, anasoma usanifu wa majengo. Hata kukaa hakukaa.

“Yaya, walinidanganya. Waliniambia ina NVIDIA. Mimi naona Intel tu.”

“Mdogo wangu, leta kwanza tuione.”

Alikuwa amefungua mipangilio ya skrini, na kweli pale palikuwa na jina la Intel peke yake. Lakini laptopu nyingi za aina hii ndivyo zilivyoundwa. Ndani kuna kadi mbili. Moja, ya Intel, imo ndani ya prosesa, ule ubongo wa mashine, inatumia umeme kidogo, na waya za skrini zinaingia kwake. Ya pili, ile kubwa ya NVIDIA, ina memori yake yenyewe na inakula umeme mwingi, kwa hiyo inalala mpaka programu iiite. Ikishachora, picha inapitishiwa kwa ile ndogo, na hiyo ndiyo inayoitoa kwenye skrini. NVIDIA iliuita mpango huo Optimus, ukatoka mwaka 2010. Ukiuliza skrini inaendeshwa na nani, utajibiwa Intel, na jibu hilo ni la kweli.

Mahali pa kuuliza ni Gestionnaire des tâches, dirisha la Windows linaloonyesha kazi zinazoendelea ndani ya mashine. Bonyeza Ctrl, Maj na Échap kwa pamoja, nenda kwenye Performance. Ukiona GPU 0 na GPU 1 (GPU ndiyo kadi ya picha), na moja imeandikwa NVIDIA, mali yako ipo. Kwa kijana yule zilikuwepo zote mbili, na nilifurahi kuliko yeye. Ukiona moja tu, usikate tamaa, mara nyingi ni dreva ndiyo haipo, ile programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi. Faili lake linapita MB 500, na mega zinauma, basi lipakue mara moja ulihifadhi kwenye flashi: linaweza kumfaa na mwenzako, mradi kadi yake imo kwenye orodha ya dreva hiyo.

Sasa kuiamsha. Kwenye Windows 10, tangu toleo la 2018, na kwenye Windows 11, ingia Paramètres, kisha Système, kisha Affichage, ushuke mpaka chini kwenye sehemu ya grafiki. Ongeza programu yako, fungua chaguo zake, chagua ile ya nguvu kubwa. Windows itakuonyesha palepale jina la kadi itakayotumika. Ifunge programu na kuifungua upya, maana iliyokuwa wazi haibadiliki katikati ya kazi. Njia nyingine ni kupitia Panneau de configuration NVIDIA, ila mimi napendelea hii ya Windows, naamua programu moja moja. Kivinjari changu hakina haja ya kuamsha kadi kubwa.

Kwa watu wa Blender, hapa ndipo wengi wanapokwama. Hatua hiyo ya Windows inahusu kile unachokiona unapozungusha nyumba kwenye skrini. Kutoa picha ya mwisho kwa Cycles, sehemu ya Blender inayokokotoa mwanga na vivuli, ni jambo lingine kabisa, na Blender haitamuuliza Windows. Ingia kwenye mapendeleo ya Blender, sehemu ya mfumo, chagua CUDA au OptiX, njia mbili za NVIDIA za kuifanyisha kadi hesabu, weka alama kwenye jina la kadi yako. Kisha, ndani ya faili lenyewe, kwenye sifa za kutoa picha, hamisha kifaa kutoka CPU, yaani prosesa, kwenda GPU. Chaguo hili la pili linakaa na faili. Rafiki akikutumia sebule aliyoitengeneza kwa prosesa, itaendelea kutumia prosesa hata kwenye mashine yako, mpaka uibadilishe.

Halafu usishtuke ukirudi kwenye Gestionnaire des tâches ukute NVIDIA inaonyesha asilimia 1 huku feni zinapiga kelele. Grafu zile hazipimi kila aina ya kazi, na ile ya “3D” haihesabu CUDA. Fungua dirisha la amri uandike nvidia-smi. Utaona joto la kadi, memori iliyotumika na programu zinazoitumia. Mimi naamini hiyo kuliko grafu yoyote.

Chomeka chaja. Betri peke yake haiwezi kuipa kadi umeme wote inaotaka, kwa hiyo mashine inaipunguza kasi. Na kwetu, ambako delestaji, kukatwa kwa umeme, haina saa, usianze kutoa picha nzito kwa betri ukitumaini umeme utarudi. Subiri, au tumia grupu, yaani jenereta, ya jirani kama mnaelewana. Wakati wa kiangazi, vumbi letu jekundu linaziba matundu ya hewa. Kadi ikipata joto inajipunguza yenyewe hata kama kila kitu umekipanga vizuri. Brashi laini, mashine ikiwa imezimwa, inatosha.

Faili la kijana yule lilipoanza kutoka kwa GPU, lilikatika: memori imejaa. Kila kitu alikuwa amekivika picha za pikseli 4096 kwa 4096, hata miguu ya meza. Picha moja ya ukubwa huo, ikifunguliwa ndani ya kadi, inachukua MB 64. Ukiwa na thelathini na mbili tu, GB 2 zimeisha na hata ukuta hujauweka. Tulizipunguza moja moja. Sakafu inayoonekana mbele tuliiacha kama ilivyo, ukuta tukaupa 2048, yaani MB 16. Zulia lililo nyuma ya kochi likapewa 1024, MB 4 tu, na hakuna mteja atakayeona tofauti.