Ubao wa matangazo na simu yangu: nilivyokuwa CR chuoni Tanga

Kwa mwanafunzi wa chuo, tangazo ni hela na ni mtihani. Ukipitwa na tarehe ya kusaini bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, wenzako wanakula wali samaki, wewe unaandikwa kwenye daftari la madeni la mama ntilie. Ukipitwa na tangazo kwamba mtihani umehamishiwa ukumbi mwingine, unafika unatweta na karatasi zimeshagawiwa. Ndiyo maana nilipochaguliwa kuwa mwakilishi wa darasa, CR kama tunavyoitana, kwenye chuo kimoja hapa Tanga mjini, nilijiwekea kwamba jambo la kwanza ni tangazo kumfikia kila mtu. Kupeleka karatasi ya mahudhurio, kumkumbusha mhadhiri habari za projekta, kugawa madesa (notisi za masomo), hayo yangefuata.

Darasa letu lilikuwa la shahada ya ualimu, kubwa, na wengi tulipanga mitaani: Ngamiani kwenye zile barabara za namba, Makorora, Chumbageni, Mikanjuni, wengine mpaka Pongwe. Anayelala hosteli hupita ubaoni akienda kunywa chai. Wa Pongwe hushuka kwenye daladala, akaingia kwenye pindi, yaani kipindi cha darasani, akatoka mbio kuwahi kibarua au mtoto. Huyo ubao haumsaidii kitu. Desturi niliyoikuta ilikuwa CR kupiga picha karatasi ya ubaoni na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp. Ubao wenyewe una kioo, kwa hiyo pichani unaona dirisha la nyuma, kichwa cha mpigaji, na maandishi katikati ukibahatika.

Aliyenifungua macho ni kaka mmoja tuliyemwita Mwalimu, kwa sababu alikuwa amefundisha shule ya msingi huko Korogwe kabla ya kuja kusoma shahada. Haoni tangu utotoni. Nukta nundu alijifunzia Irente, Lushoto, kwenye shule ya wasioona, na kwenye simu alikuwa na kasi kutushinda wote. Wiki ile ya uchaguzi alinifuata pale kwenye vimbweta, meza na viti vya nje, tulipokuwa tunapiga msuli, yaani tunajisomea.

"Mdogo wangu, hongera ya uongozi. Nina ombi moja."

"Asante, kaka Mwalimu. Sema tu."

"Ukituma picha, simu yangu inaniambia 'picha'. Kilichomo hainiambii."

Nikamuuliza mwaka wa kwanza mzima alikuwa anayapataje matangazo. Akasema kwa kuulizauliza. Akimpata mtu mwenye nafasi, anamwomba amsomee. Mtu mwenye haraka humjibu, "Hilo halikuhusu, kaka," akapita zake. Neno hilo liliniuma. Nani aliyemwambia kwamba halimhusu? Lilikuwa la ada, au la bima, au la chumba? Mwenyewe hakuwa na njia ya kujua.

Alinipa upande mmoja wa hedifoni nisikilize. Simu za Android zina programu inayoitwa TalkBack. Ukiiwasha, unapopitisha kidole kwenye kioo inakusomea kwa sauti kila unachokigusa. Yeye aliiweka mwendo wa kasi kiasi kwamba mimi sikuambulia hata neno, naye alikuwa anacheka tu. Ujumbe ulioandikwa inausoma wote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Karatasi iliyopigwa picha, au iliyoskaniwa ikafanywa PDF, kwenye simu yake ilikuwa picha tu kama picha ya mnazi. Na kuna mambo mengine ambayo mtu anayeona hawezi kuyawaza. Zile emoji za moto na vipaza sauti tunazopanga juu ya tangazo ili livutie, TalkBack inazitaja moja moja kwa jina. Zile herufi za mapambo ambazo watu huzitoa kwenye programu za kuremba maandishi, nyingine haizisomi kabisa. Tangazo lililopambwa sana ndilo lililomchosha zaidi.

Kuanzia siku ile nikawa nachapa. Nasimama mbele ya ubao, begi begani, nalichapa tangazo palepale kwenye simu. Sikuliacha mpaka nifike nyumbani, maana karatasi za ubaoni hubandikwa na kubanduliwa, na zilizo nje ya kioo upepo wa kusi huondoka nazo.

Kuchapa kulinifundisha kusoma. Karatasi ya ofisini huanza na kumbukumbu namba, halafu "Uongozi unapenda kuwatangazia wanafunzi wote wanufaika wa mikopo ya elimu ya juu kwamba…", halafu kifungu cha utaratibu, na tarehe ya mwisho imelala mstari wa pili kutoka chini, juu kidogo ya saini. Mimi nikawa naipindua. Mstari wa kwanza jambo lenyewe, kisha siku, saa, mahali, cha kuja nacho, siku ya mwisho, na mwishoni kabisa tangazo limetoka wapi. Tangazo la kusaini mkopo likawa hivi:

"KUSAINI BUMU. Jumatano hadi Ijumaa, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri, ofisi ya mikopo. Njoo na kitambulisho. Mwisho Ijumaa. Chanzo: ubaoni."

Ufupi ule haukuwa wa urembo. Darasani tulikuwa na wenzetu wenye viswaswadu, zile simu ndogo zisizo na WhatsApp, na wengine wenye simu nzuri lakini bando halipo mpaka bumu liingie. Hao niliwapelekea kwa meseji ya kawaida, na meseji moja hubeba herufi 160. Ukitia emoji moja tu, nafasi inashuka mpaka herufi 70, na tangazo linakatwa vipande viwili au vitatu, kila kipande kwa hela yake. Kwa hiyo nililazimika kuchuja, na kuchuja kukamfaa kila mtu. Dada mmoja wa Mikanjuni mwenye mtoto mchanga aliniambia sasa anasoma tangazo huku ananyonyesha, kwa jicho moja, na ameshalielewa.

Saa ndizo zilinipa kazi kubwa kuliko nilivyotarajia. Ratiba za chuo huandikwa kwa mtindo wa kizungu, 0800, 1400, na matangazo ya Kiswahili yanaandika saa 2:00. Wakati mwingine karatasi moja ina yote mawili. Mtu anayesoma harakaharaka akiona 8:00 anaweza kuja saa nane mchana. Nikaweka kanuni ambayo sikuivunja: kila saa niliyoandika ilifuatwa na asubuhi, mchana, alasiri, jioni au usiku. Palipokuwa na utata ubaoni sikubahatisha. Niliingia ofisini nikauliza.

Na huko ofisini ndiko nilikopata msaada mkubwa. Kwenye ofisi ya taaluma kulikuwa na mama mmoja anayechapa barua na matangazo. Nilimwendea asubuhi mapema, kabla foleni haijajaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na lipi?"

Nikamweleza habari za Mwalimu. Nikamwomba kwamba akishachapa tangazo na likasainiwa, anitumie na lile faili lenyewe la maandishi, mbali na karatasi iliyogongwa muhuri. Sikwenda na sheria mkononi, ingawa zipo. Nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Ningeweza kuanzia huko. Lakini yule mama alikuwa mtu wa kuombwa vizuri, na hakuhitaji kutishwa. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Kwa hiyo mwaka mzima nachapa, yeye anasomewa na watu?" Kisha akasema nimwachie namba. Toka hapo matangazo mengi ya kitaaluma yaliniingilia simuni yakiwa maandishi, mara nyingine kabla karatasi haijafika ubaoni, na mimi nilisubiri mpaka libandikwe ndipo nilisambaze. Tangazo ambalo ofisi haijalitoa si langu kulitoa.

Hapo nigusie uvumi, kwa sababu ndio adui wa kazi hii. Msimu wa bumu grupu huwaka. Mwaka wa masomo 2022/2023 hela ya chakula na malazi ilipanda kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000, na mtoto wa mkulima wa Handeni anaisubiri hiyo kwa roho yote. Basi usiku wa manane mtu analeta ujumbe wenye alama ya kusambazwa mara nyingi: limetoka, limesogezwa, majina ya chuo chetu hayamo. Watu hawalali. Nilichofanya ni kutenganisha magrupu. Moja la matangazo, ambalo msimamizi peke yake ndiye anaweza kuandika, na jingine la maongezi, utani, mpira na habari za Coastal Union. Kwenye la matangazo halikuingia neno lisilo na chanzo. Lile neno "Chanzo" mwisho wa ujumbe likawa kinga yetu. Watu walizoea kuuliza wenyewe, "Chanzo kiko wapi?", kabla hawajaanza kulia. Na kwa kuwa kila kitu kilikuwa maandishi, aliyetaka kukumbuka tarehe ya kulipia bima ya afya, iliyokuwa ya shilingi 50,400, aliandika neno "bima" kwenye kisanduku cha kutafuta na tangazo likaja. Picha huwezi kuitafuta hivyo.

Si kila karatasi niliichapa. Orodha za matokeo, orodha za wanaodaiwa ada, orodha za wenye sapu, yaani wa kurudia mitihani, hizo sikuzigusa. Zimebandikwa kwa namba za usajili kwa sababu maalumu, na mtu hapaswi kuona mkosi wake umechapwa upya na mwanafunzi mwenzake na kurushwa simu kwa simu. Niliandika tu kwamba orodha fulani imetoka, ipo mahali fulani, na mwisho wa kukata rufaa ni siku fulani. Mwalimu nilimsomea ya kwake peke yake, pembeni. Wako waliolalamika kwamba nawasumbua kufika chuoni. Sikubadili.

Matangazo ya wanafunzi wenyewe niliyaachia grupu la maongezi: funguo zimeokotwa karibu na maktaba, chumba kimebaki Barabara ya 12 anatafutwa wa kushirikiana kodi, kuna anayeuza godoro, kuna anayekodisha joho. Isipokuwa msiba. Msiba wa mwenzetu au wa mzazi wa mwenzetu uliingia kwenye la matangazo, na mahali pa kukutana na nauli ya wanaokwenda kumzika vikawa vimeandikwa wazi kama vya mtihani. Kuna wakati tulikwenda Pangani kwa namna hiyo, na Mwalimu ndiye alikuwa wa kwanza kufika kwenye basi.

Kitu kilichonitoa jasho kweli ni ratiba ya mitihani. Ratiba ni jedwali: kushoto siku, juu saa, katikati msimbo wa kozi na ukumbi. Kwa jicho ni rahisi. Kwa sikio, ukilipitisha jedwali lile bila mpango, unasikia kozi kumi mfululizo na hujui ipi ni ya lini. Tulikaa na Mwalimu kimbwetani nikawa namsomea kwa namna mbalimbali, naye ananiambia ipi inakaa kichwani. Mwisho tukakubaliana: kila mtihani mstari wake, siku mbele, kisha saa, kisha jina la kozi kwa maneno, kisha ukumbi. "Jumatatu, saa 2 asubuhi, Saikolojia ya Elimu, ukumbi mkubwa." Mstari unaofuata, mtihani unaofuata. Nilipoituma hivyo, darasa zima liliacha lile jedwali. Wavulana wa hosteli waliichapisha steshenari wakaibandika mlangoni.

Ilikuwa kazi, sisemi uongo. Kuna usiku nilikuwa na msuli wangu wa kupiga na tangazo refu la mafunzo kwa vitendo linanisubiri, orodha ya shule, wilaya, tarehe za kuripoti. Nilipata wasaidizi wawili, mmoja wa hosteli na mmoja wa Makorora, tukagawana ubao kwa zamu. Bila wao nisingeweza, na ninawashukuru hapa.

Mwaka wa tatu nafasi aliichukua kijana mwingine wa darasa letu, mwenyeji wa Muheza. Nilimkabidhi namba za wenye viswaswadu, namba ya yule mama wa taaluma, na mfano wa ratiba tulioutengeneza kimbwetani. Tangazo lake la kwanza lilikuwa la kikao na mkuu wa idara, zuri, fupi, lina saa na siku. Baada ya dakika chache Mwalimu akajibu, "Ukumbi upi, mdogo wangu?" Akalirekebisha. Kinachobaki sasa ni mabadiliko ya vipindi ya siku hiyohiyo, ambayo bado yanaandikwa kwa kalamu ya wino na kubandikwa mlangoni mwa ukumbi dakika chache kabla ya pindi. Ombi la kuyapata kwa maandishi ya simu tumelipeleka idarani, CR mpya na mimi pamoja, na tunalifuatilia.