Mashine kuukuu ya kufulia, ipi kelele ya kazi ipi ya ubovu

Ukikaa pale Kibirizi, zinapotia boti hapa Kigoma, utakuta watu wanazijua injini za boti kwa sikio tu, boti yenyewe haijaonekana jamaa ameshasema hiyo plagi moja haichomi vizuri. Sasa mtu huyohuyo akirudi kwake Gungu akasikia mashine ya kufulia inaguna kidogo, basi imekufa hiyo, iuzwe kwa wa skrepa. Inaniuma! Maana hizi mashine za zamani hazina kioo cha kukuandikia kosa namba ngapi, zinasema kwa sauti, na nyingi ya sauti hizo ni kazi inaendelea tu.

Chukua hizi za matangi mawili, kushoto unafua kulia unakamua. Taima ya upande wa kufulia kwa nyingi ni ya springi, ukizungusha kile kitasa umeijaza, ile tik tik tik ni saa kabisa humo ndani na haitumii umeme, ndo maana TANESCO wakikata unaisikia inaendelea kuhesabu dakika huku nguo zimekaa kwenye povu hazifuliwi na chochote. Humo kuna visahani vyenye mabonde vinabonyeza swichi, ndiyo ile "ka" halafu mota inatulia, "ka" tena inazungukia upande wa pili. Ule mlio wa kwiii ukifunua mfuniko wa kukamulia ni breki, mfuniko unakata umeme na kuachia waya unaobana breki pale chini. Ikilia kidogo sawa. Ikiwa hailii na tangi linaendelea kuzunguka muda mrefu, hapo ndo uogope, usiingize mkono.

Sauti ambayo mafundi wengi wanapigia hela ni ile mmmmm, mota inanguruma ila haizunguki. Utaambiwa mota imeungua. Mota iliyoungua mara nyingi inanuka au iko kimya au inakata umeme, hii inayonguruma bila kuzunguka mshuku kwanza kapasita, kile kikopo ambacho ndo kinaipa mota msukumo wa kuanza na kujua izungukie wapi, na bei yake huwezi kuilinganisha na mota. Au mkanda na gia vimekwama, toa mzigo wa nguo uone. Ila kapasita isiguswe ovyo, inabaki na chaji hata ukichomoa plagi, mwachie anayejua.

Hizi za mlango wa mbele zina mambo yake. Nyingi za zamani zina mota ya kaboni, yaani vipande vyeusi vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, ile sauti kali inayopanda inapoanza kukamua ni kaboni zinasugua shaba kwa kasi. Kaboni mpya zinakwaruza mwanzoni mpaka zikae, usimrudishe fundi siku hiyohiyo. Zikiisha utasikia inakatakata na cheche unaziona kwa nyuma. Halafu kuna ule mtikisiko kabla haijachanganya, inaruka kidogo kisha inatulia ikishakolea, watu wanakimbia kuzima. Kila kitu kilichoning'inia kwenye springi kina mwendo wake wa kutikisika, pipa likipita hapo linayumba, likivuka linatulia. Ndo maana kuna zege zito limefungwa humo ndani, si unajua zinavyovunja mgongo kubeba? Bendix za Marekani za miaka ya 1930 na 40 ilibidi zifungwe bolti kwenye sakafu. Kwa hiyo kama inaruka mpaka mwisho, angalia kwanza blanketi limejikunja upande mmoja, halafu shokapu, halafu bolti za lile zege.

Beringi, zile ringi za chuma zinazobeba pipa lizunguke, ndo ubovu wa kweli. Inaunguruma kama ndege inapaa, na kadiri inavyokaza mwendo ndivyo inavyozidi. Sili ya mpira imechoka, maji yameingia kwenye grisi, chuma kimepata kutu. Chomoa plagi, zungusha pipa kwa mkono, utausikia mkwaruzo kwenye vidole, linyanyue kama linacheza juu chini. Ila kama ni ko, ko, ko mara moja kila mzunguko, hiyo ni shilingi mia au waya wa sidiria, usinunue beringi.

Maji nayo. Ule mguno wakati inajaza ni koili ya valvu inayofungulia maji, umeme wetu ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na sumaku inavuta mara mbili kila mzunguko, mtetemo 100 kwa sekunde. Ikifunga ghafla maji yenye presha yanagonga, dundu! bomba linaruka ukutani. Sisi wa simtanki kelele hiyo hatuna, tuna ssss isiyoisha, kwa sababu valvu hizi zinatumia presha ya maji yenyewe kujifunga, na tanki lililo mita 3 juu linakupa presha ya kama ba (bar) 0.3 tu, kwa nyingine haitoshi. Inua tanki kabla hujanunua valvu.

Na shangazi yangu ana moja ya Kimarekani, ya mlango wa juu, ilibaki baada ya wageni fulani kuondoka, inatembea kwa transfoma. Kwao ni hezi 60, huku 50. Transfoma inashusha volti tu, hezi inaziacha zilivyo, kwa hiyo mota iliyotakiwa kwenda mizunguko 1,725 kwa dakika inaenda kama 1,425, na taima yake ikifuata hezi hizohizo nusu saa inakuwa dakika 36. Sauti yenyewe inakuwa nzito, mota inaguna na kupata moto zaidi. Enzi zile Kigoma tunategemea jenereta za dizeli, mzigo ukizidi jioni ulikuwa unasikia inazidi kushuka sauti, shangazi anasema "umeme umechoka", anaizima anaendelea kwa mkono.